Waifai Imejaa, Intaneti Haipo: Tunaanzia Wapi?

Haya karibuni jamani, wa kule nyuma sogeeni mbele kidogo maana maiki hii haifiki mbali. Leo nina kitu kimoja tu cha kuongea na nyie na nakiongea kwa uchungu kabisa kwa sababu nimeona watu wakipoteza siku nzima bure. Simu inaonyesha waifai imejaa, ukifungua chochote kinazunguka tu, na mtu wa kwanza kuifikia rauta, kile kiboksi kinachorusha waifai, anafanya nini? Anatafuta pini anabonyeza kile kitundu cha nyuma cha kuriseti, kinachofuta kila kitu kilichowekwa kwenye rauta. Nawaomba hicho kitundu tukiache kwanza, nitakirudia, watu wanaumia sana hapo.

Waifai sio intaneti. Waifai ni safari fupi tu, kutoka simu yako mpaka kwenye rauta, basi. Intaneti ni safari nyingine, inatoka kwenye rauta inakwenda kwa mtoa huduma na kutoka huko ndio inaenda duniani. Ile alama iliyojaa kwenye simu inakupa habari za safari ya kwanza peke yake, ndio maana hata ukichomoa kebo ya nje rauta itaendelea kurusha waifai kama kawaida na simu itakuonyesha imejaa vile vile. Kwa hiyo kazi yetu yote leo ni kujua njia imekatikia wapi, ukishajua pamekatika wapi kurekebisha mara nyingi ni dakika mbili.

Anza na swali rahisi, ni simu yako tu au ni vifaa vyote? Chukua simu ya mwenzako, au laptopu, jaribu. Kama kwake inafungua basi rauta haina kosa, shida iko kwako, pengine umesahau VPN imewaka, ile programu inayopitisha intaneti yako njia ya pembeni, pengine tarehe ya simu imeruka miaka nyuma, na tarehe ikikosewa tovuti nyingi zinakataa kufunguka kabisa maana vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kazi au vimeisha muda. Iambie simu iisahau hiyo waifai halafu unganisha upya.

Kama ni vifaa vyote, usiguse kitu, piga magoti uangalie taa. Kwa wenye faiba, yaani intaneti inayokuja kwa waya wa mwanga, kuna taa imeandikwa PON na nyingine LOS. PON inatakiwa iwake imetulia. LOS ikiwaka nyekundu maana yake ni kwamba mwanga hauingii kwenye kifaa, na hapo hata uriseti mara mia haisaidii. Fuata ule waya mwembamba taratibu kwa vidole mpaka ukutani. Nilishawahi kuufuata hivyo nikakuta kabati limesogezwa na mguu wake umeubana waya ukakunjika kama kiwiko. Ndani ya ule waya ni kioo, sehemu inayopitisha mwanga ina upana wa maikromita 9 hivi, yaani unywele wako ni mnene kuliko hiyo mara kadhaa, sasa ukiukunja vile mwanga unavujia kwenye kona. Tulisogeza kabati, waya ukanyooka, taa nyekundu ikazima yenyewe. Ila ukichomoa ile ncha usiielekeze machoni, ule mwanga hauonekani kwa macho lakini upo na unaweza kukudhuru.

Kwa wanaotumia modemu, kile kifaa kinachopokea laini ya mtoa huduma, peke yake na rauta peke yake, angalieni kebo imeingia tundu gani. Tundu la WAN, la kebo inayoleta intaneti, liko moja, mara nyingi lina rangi yake, yale mengine ni ya LAN, ya vifaa vya ndani ya nyumba. Mtu anafanya usafi anachomoa kila kitu anarudisha kebo ya intaneti kwenye LAN, taa zinawaka vizuri tu na intaneti hakuna.

Ndio tunafika kwenye kuzima na kuwasha, na hii inafanywa vibaya kila siku. Chomoa umeme kabisa kwenye vifaa vyote viwili, hesabu sekunde 30, washa modemu kwanza, subiri taa zake zitulie, hata kama ni dakika tatu subiri, halafu ndio uwashe rauta. Ukiviwasha pamoja rauta inaweza kuomba anwani, ile namba inayoitambulisha kwenye mtandao, wakati modemu bado haijaamka, inakosa, mnabaki pale pale.

Bado? Sasa tuiulize rauta yenyewe. Fungua brauza uandike 192.168.1.1 au 192.168.0.1, namba sahihi iko kwenye stika chini ya rauta pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Tafuta palipoandikwa WAN au Internet, utaona anwani ya IP. Ikiwa ni 0.0.0.0 rauta haijapewa anwani, kwa hiyo njia imekatika kati yake na mtoa huduma: kebo, malipo yameisha, hitilafu ya kwao, au jina na nywila ya PPPoE, ambayo rauta inajitambulisha nayo kwa mtoa huduma, imefutika. Wenye rauta za laini ya simu wakague kama bando lipo na kama APN, lile jina la mlango wa intaneti wa mtandao wa simu, ni sahihi. Lakini kama anwani ipo na bado hamna kinachofunguka, nenda kwenye kompyuta upingi 8.8.8.8, yaani uandike amri ya ping na hiyo namba uone kama huko mbali wanajibu. Ikijibu, intaneti ipo! Kilichokufa ni DNS, yaani kile kitabu cha simu kinachogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Weka DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye rauta na utaona kurasa zinaanza kufunguka. Na kama kompyuta yenyewe ina IP inayoanza na 169.254, hiyo imejipa namba yenyewe baada ya kuomba ikakosa wa kuijibu, hapo rudi kwenye safari ya kwanza, kati ya kompyuta na rauta.

Sasa kile kitundu. Shemeji yangu alikibonyeza usiku mmoja intaneti ilipokatika. Tatizo lilikuwa la mtoa huduma na asubuhi majirani wote walikuwa wamesharudi hewani, yeye peke yake hana, kwa sababu kuriseti kulifuta jina na nywila ya PPPoE na karatasi aliyoachiwa na fundi ilishapotea. Alikaa siku mbili anapiga simu. Kwa hiyo leo hii ukifika nyumbani piga picha ukurasa wa WAN, piga picha stika, hifadhi mahali ambapo utazipata bila intaneti.

Kaka pale ameuliza rauta inayojizima na kuwaka yenyewe. Angalia adapta kaka. Taa kuwaka hakumaanishi umeme unatosha, adapta ikichoka rauta inawaka vizuri ila watu wakianza kuitumia kwa wingi inazidiwa inajiristati. Ukinunua nyingine soma maandishi, volti lazima zilingane, kama ni 12 iwe 12, ampea ziwe sawa au zaidi, usidanganyike na kichwa chake kuingia maana ya volti 9 inaweza kuingia pia.

Dada mwenye laptopu, nimeona mkono, umesema inaanza na 169? Ilete hapa mbele, na hiyo kebo yake, tuanze nayo.