Nimevua vifuniko vya magurudumu, njooni muone nilichokuta

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Leo nipo hapa nje kwangu, Columbus, Ohio. Theluji imeisha, na ile gari-nyumba yetu mnayoiulizia kila mara imeshatoka kwenye turubai. Kwa mgeni wa chaneli hii, ni Ford E-450 ya mwaka 2001, injini V10 ya lita 6.8. Ndani ina vitanda, jiko na choo, na nyuma imevaa tairi mbilimbili kama Fuso.

Mmeniuliza sana, mbona gurudumu la nyuma kushoto liko uchi? Kifuniko kilidondoka mwaka jana barabara kuu. Nilisikia mlio kama sufuria linaburuzwa, mpaka napata pa kusimama, kimeshapotea. Vifuniko hivi vinashikwa na nati mbili tu za juu, na gereji iliyonibadilishia tairi ilirudisha moja. Kikalegea, kikawa kinazunguka peke yake. Nilipopiga magoti kuangalia, ukingo wake ulikuwa umeshaikwaruza shingo ya valvu. Ingekatika tukiwa kwenye mwendo, na wanangu wako nyuma! Tangu siku hiyo nati hizo nakaza mwenyewe.

Kingine nimekipata kwenye yadi ya magari chakavu. Ukienda kutafuta, usiseme tu "nataka cha Ford." Hesabu kwanza. Rimu yangu ni ya inchi 16, nati nane, matundu manne ya kupitisha mkono. Tundu lisipokaa sawa na valvu, hutaweza kujaza upepo. Na beba sumaku. Hiki ni chuma cha pua, yaani stainless steel, sumaku haikishiki vizuri. Ikishika kwa nguvu, ujue ni bati la kawaida lililopakwa kromu, na kromu ikishaanza kubanduka hakuna dawa itakayoirudisha. Kiache.

Sasa sogeeni muone hivi vya zamani. Vile vidoa vya kahawia ni chumvi. Huku wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na kule Cleveland kuna mgodi wa chumvi chini kabisa ya Ziwa Erie. Chuma cha pua kinajikinga kwa utando mwembamba sana unaotokana na kromiamu iliyomo ndani yake. Chumvi inautoboa utando huo, kidogokidogo. Wenzangu wa Tanga na Mombasa mnanielewa, upepo wa bahari unafanya kazi hiyohiyo kwenye mageti yenu.

Kusafisha: maji na sabuni kwanza, kivulini, chuma kikiwa kimepoa. Mchanga wote utoke, la sivyo utakuwa unasugulia mchanga. Halafu pasta ya kung'arishia chuma, kidogo tu, kwenye kitambaa laini. Sugua sehemu ndogo, kama kiganja. Mnaona kitambaa kinavyokuwa cheusi? Hapo ndipo inafanya kazi. Futa kabla haijakauka, geuza kitambaa, rudia. Kimoja kimenila karibu saa nzima, na sijutii, maana sasa naona ndevu zangu humu ndani.

Lakini naomba sana, ule waya wa kusugulia masufuria usiuguse. Unaacha chembe za chuma cha kawaida, zinaingia kwenye mikwaruzo, na baada ya mvua mbili kutu inaota palepale ulipong'arisha. Na kama rimu zako ni za alumini zenye vanishi juu, pasta haifiki kwenye chuma. Utaitia ukungu vanishi bure.

Haya, sasa lile lililonifanya niwashe kamera. Tazameni hapa, gurudumu la nyuma kulia, baada ya kuvua kifuniko. Mnaona mstari mwekundu unaoteremka kutoka kwenye hii nati? Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori njia ya Dar mpaka Tunduma, na sisi watoto alitufundisha kwamba nati ikilegea, inalia. Inachezacheza, inasaga chuma, maji yanaingia, machozi ya kutu yanashuka. Kila waliposimama alizunguka na spana akigonga tairi moja moja, kwa sababu ile ya ndani ikiisha upepo, ya nje inaificha. Kabla ya kupanda mlima Kitonga ndiyo kabisa, dereva haondoki mpaka mjomba amalize.

Mimi nimeendesha miaka miwili nikipita na kitambaa juu ya kifuniko, kinang'aa, kumbe chini yake nati inalia. Nimeifungua: washa yake, kile kipete cha chini ya nati, imeganda kwa kutu, haizunguki. Hapo hata spana inayopima mkazo inakudanganya, maana nguvu yako inaliwa na msuguano. Nimeweka nati mpya, nimekagua saba zilizobaki, nimezikaza zote kwa mtindo wa nyota, moja kisha ya upande wa pili, mpaka mkazo wa Nm 190 kwenye spana hiyo ya kupimia. Ndipo kifuniko kikarudi, na nati zake zote mbili.

Kesho asubuhi tunakwenda Sandusky, kule ziwani, mimi na mama watoto na watoto. Gurudumu lililofunguliwa linatakiwa kukazwa tena kabla ya km 160, kwa hiyo nitasimama Bucyrus, kama km 100 kutoka hapa. Nitavua kifuniko, nitapima nati zote nane, na tairi zote sita nitazigonga. Kamera nitakuja nayo.