Spika Janja ya Bei Ndogo: Tuisikilize Kabla ya Kuilaumu

Karibuni. Mezani ninazo spika janja mbili, yaani spika ndogo unazoziamrisha kwa kuongea: Echo Dot ya Amazon ya mwaka 2020 na Nest Mini ya Google ya 2019. Wengi huzinunua wakitegemea mdundo wa sabufa, wakiukosa wanazitupia kabatini zikiwa nzima. Inaniuma, maana zina kazi yake na huifanya vizuri.

Anza na rula. Koni inayotoa sauti ndani ya Nest Mini ina upana wa milimita 40, ya Echo Dot hii 41. Bananisha vidole vitatu: haifiki hapo. Sasa, kamba nene ya gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na sauti nzito hivyo hudai hewa nyingi isukumwe. Koni hii haiwezi. Unachosikia ni mitetemo ya juu zaidi ya noti ile, sikio lako linajazia kilichobaki.

Hatua ya pili, cheza taarifa ya habari. Kila neno liko wazi. Kwa redio jikoni, mawaidha au Kurani asubuhi, mimi siongezi kitu. Kisha weka wimbo wa dansi unaoujua vizuri, sauti nusu. Panda taratibu. Umesikia hapo? Magitaa yanazidi kupiga kelele lakini besi haikui nayo, kwa sababu programu ya ndani huibana ili koni isiumie. Rudi chini kidogo. Hapo ndipo mwisho wa spika yako.

Tatu, ihamishe. Katikati ya meza kubwa besi inapotea. Isogeze iwe shubiri moja tu kutoka ukutani, au kwenye kona: ukuta unairudisha besi chumbani. Usiichimbie ndani ya rafu iliyofungwa pande zote, itasikika kama inaimbia mtungini. Echo Dot hii hutoa sauti kwa mbele, kwa hiyo igeuze ikuangalie.

Kwenye programu ya simu kuna sehemu ya kurekebisha besi. Ongeza hatua moja au mbili, basi. Zaidi ya hapo inakoroma.

Na ukitaka mdundo wa sebuleni, tumia sabufa uliyonayo. Echo Dot ya 2020 ina tundu la milimita 3.5 nyuma, chomeka waya upeleke kwenye sabufa. Nest Mini haina tundu hilo, wala Echo Dot ya 2022, kwa hiyo hizo ziunganishe kwa Bluetooth. Kama huna sabufa na unachotafuta ni muziki wa kujaza nyumba, nunua sabufa kwanza, spika janja baadaye.

Mimi natumia waya. Spika janja naiweka robo tatu ya sauti, sabufa naianzia chini kabisa. Wimbo ni uleule wa mwanzo. Napandisha... lisikilizeni gitaa la besi.