Kuiona Hewa ya Mgodini

Asanteni kwa kunikaribisha. Nina swali ambalo wanafunzi hulijibu haraka mno: feni ikisukuma hewa ya kutosha, mchimbaji aliye mwisho wa handaki ataipata? Wengi husema ndiyo. Kumbe bomba la turubai linaloipeleka hewa hiyo likiishia mbali na mwamba unaochimbwa, hewa hugeuka njiani ikarudi ilikotoka, na kule mbele moshi wa baruti unabaki palepale. Ukipima mdomoni mwa bomba utaambiwa mambo shwari. Ndiyo maana nasema hewa tuitazame, tusiishie kuipima.

Chombo kikongwe, na mimi bado nakipenda, ni kijibomba cha moshi. Ni cha kioo, chembamba. Unavunja ncha zote mbili, unachomeka kipira, unaminya. Kemikali iliyomo ikikutana na unyevu wa hewa, unatoka moshi mweupe. Mwenzako anasimama mita 10 mbele, kule hewa inakoelekea, saa mkononi. Moshi ukimfikia baada ya sekunde 40, mwendo ni mita 0.25 kwa sekunde, unyonge ambao kipimo cha mapanga, kile chenye mapanga yanayozungushwa na upepo, hakiusomi vizuri. Ila katikati ya handaki hewa hukimbia kuliko kandokando, kwa hiyo tunazidisha kwa 0.8 hivi kupata wastani. Na tafadhali, moshi ule msiuvute, una asidi.

Methani ni shughuli nyingine, hasa kwenye makaa ya mawe. Haina rangi wala harufu, uzito wake unazidi kidogo tu nusu ya ule wa hewa, basi hujilaza darini mkondo ukiwa dhaifu. Ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Lakini inapinda mwanga kuliko hewa inavyoupinda, na hapo ndipo tunapoikamata. Mjerumani August Toepler alitengeneza mbinu hiyo, shilireni, mwaka 1864. Mwanga wa taa ndogo unapigwa kwenye kioo kilichobonyea, unarudi na kukusanyika nuktani. Pale nuktani unawekwa ukingo wa wembe, ukate sehemu ya mwanga. Mwale uliopindwa hata kidogo utagonga wembe au utaukwepa, na kamera itaona weusi na weupe. Weka kiganja mbele ya kioo: utaona joto lako likipanda vidoleni.

Mbona hatushuki nayo shimoni? Vumbi, mitetemo, na handaki ni pana kuliko kioo chochote tunachoweza kukimudu. Kwa hiyo tunajenga handaki dogo la plastiki angavu maabarani. Siku hizi ipo njia isiyotaka kioo: ukutani unabandika karatasi ya madoadoa, kamera inaipiga picha, kompyuta inatafuta madoa yaliyoonekana kusogea kwa kuwa gesi iliyo mbele yake imeupinda mwanga. Matumaini yangu nimeyaweka huko. Leza inayomulika chembe za vumbi hutoa picha nzuri zaidi, lakini penye methani haishuki leza wala kamera ambayo haijathibitishwa kwamba haiwezi kuwasha gesi.

Naona mikono huko nyuma. Karibuni.