Kelele Nazo Ziandikwe?

NEEMA: Tumerudi. Sauti ya Juma mmeisikia wenyewe, imekauka.

JUMA: Jumamosi nimekaa mezani kwa karani wa mechi ya mpira wa kikapu, nahesabu kila mkono wa mkabaji unaogusa mpira. Utaratibu wa Rick Pitino huo: akiwa kocha wa vyuo Marekani alitaka vijana wake waguse mipira 35 kila mechi.

NEEMA: Ukapata ngapi?

JUMA: Robo ya pili nikapotea. Mzee mmoja nyuma yangu: “Mwandike na yule anayepiga kelele!” Kweli, kuna dogo mpira hajaugusa, ila skrini ikija, yaani mpinzani anamzibia mwenzake njia, anapaza, “Kushoto! Kushoto!” Mwenzake anahama, mshambuliaji anabaki na mpira mkononi, hana pa kupita. Kwenye karatasi yangu dogo ana sifuri.

NEEMA: Nawe ukamsaidia kupaza. Haya, leo tuna vipimo vitatu vya ukabaji. Cha kwanza: pointi mnazofungwa kwa kila mashambulizi 100, si kwa mechi. Virginia, timu ya chuo Marekani, chini ya kocha Tony Bennett ilicheza taratibu mno, mashambulizi machache, kwa hiyo hata pointi za kufungwa zingekuwa chache tu. Ken Pomeroy, mtu wa takwimu za kikapu cha vyuo, anaongeza na ubora wa mpinzani…

JUMA: Na kelele za ugenini? Ukumbi umefurika, nani atamsikia dogo?

NEEMA: Juma.

JUMA: Na anayepaza “kulia” mpira uko kushoto? Huyo tunamkata.

NEEMA: Kelele hasi. Sawa, nimeandika. Tuendelee?

JUMA: Bado. Akipaza kocha, inahesabiwa ya timu?

NEEMA: Hapana! Narudi kwenye kipimo: wapinzani wakifunga mitupo ya mbali, ile ya pointi tatu, sehemu kubwa ni bahati. Ulinzi unaweza kupunguza idadi ya mitupo, asilimia inayoingia hauitawali sana. Pomeroy kalisema hilo miaka.

JUMA: Mwaka 2018, mashindano ya vyuo Marekani, Virginia na UMBC, timu nyingine ya chuo. Mapumziko 21 kwa 21, mwisho UMBC 74, Virginia 54. UMBC wametupa za tatu 24, zimeingia 12. Bahati hiyo?

NEEMA: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mwaka uliofuata ukabaji ni uleule, wakachukua ubingwa.

JUMA: De’Andre Hunter, mchezaji wa Virginia, amerudi! Ile 2018 alikuwa nje, kavunjika mkono. Halafu ukabaji wa Bennett uliwajaza watu ndani, karibu na kikapu. Mtupaji wa nje alipata nafasi ya kupumua.

NEEMA: Ndiyo maana uhesabu mitupo waliyoiruhusu. Mechi moja si takwimu.

JUMA: Mechi moja ndiyo iliyowarudisha nyumbani. Upande wa wanaume, timu iliyopangwa namba 1 haikuwahi kutolewa na iliyopangwa namba 16 kabla ya hapo, wewe unaniambia bahati.

NEEMA: Nakuambia tena.

JUMA: Basi kaa na bahati yako.

NEEMA: Fundi mitambo ananionyesha saa. Kipimo cha pili na cha tatu…

JUMA: Viache.

NEEMA: Nilivikeshea hivi!

JUMA: Kumi na mbili kati ya 24, Neema.

NEEMA: Mzimieni maiki huyu.