Daktari Kachoka, Nani Kamuuliza?

ZUWENA: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu, wa Unguja, wa Pemba, na nyie wa Maskati mnaotusikiliza huku mnapika. Leo niko na dokta Suleiman kama kawaida, ila safari hii wagonjwa tunawaeka pembeni, tunawazungumza madaktari wenyewe. Dokta, watu wanasema daktari ana mshahara, ana heshima, anachoka nini?

SULEIMAN: Waalaykum salaam Bi Zuwena. Kuchoka kwa kawaida unalala, unaamka, yamekwisha. Hii ninayoisema mie, kwa Kiingereza wanaiita "burnout", unalala na unaamka umechoka vilevile, unasikia adhana ya alfajiri na moyo unakwenda mbio kwa kuwa kumekucha na kazi ipo. Si jambo jipya, kule New York mwanasaikolojia mmoja, Herbert Freudenberger, kaliandika tangu 1974, halafu 1981 Christina Maslach na mwenziwe wakatoa dodoso la kulipima. Wanaangalia mambo matatu, nguvu za ndani kukwisha, kujiona hufanyi la maana, na kuanza kuwaona watu kama vitu. Hilo la mwisho ndo linonitisha mie.

ZUWENA: Kama vitu vipi?

SULEIMAN: Wodini mnaanza kumwita mtu "kitanda cha tisa". Mwanzo ni haraka tu, wagonjwa wengi na nusu yao ni Fatma na Khamis (kicheko). Baadae unaambiwa kitanda cha tisa kafariki, na linalokutoka mdomoni ni "kwa hivyo kitanda kiko wazi?" Wallahi nimemuona kijana mtoto wa watu, ana dini yake na adabu zake, anamfokea bibi kizee kwa sababu kauliza mara ya pili dawa anywe kabla ya kula au baada. Kwao hasubutu kumjibu bibi yake hivyo.

ZUWENA: Sie tungesema huyo kakosa malezi.

SULEIMAN: Ndo hapo tunapopotea! Tunaitafuta kasoro kwenye tabia yake, hatuulizi kalala lini. Shirika la Afya Duniani 2019 walilieka wazi, hili si maradhi, ni jambo linalotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Kazini, Bi Zuwena, si kwenye malezi. Sasa mchukue intani, daktari anaeanza kazi chini ya uangalizi, kamaliza miaka mitano ya chuo, ana mwaka wake mmoja wa intani, kaingia zamu asubuhi, usiku ana onkoli, yaani zamu ya kuitwa wakati wowote, asubuhi raundi inamkuta palepale na bingwa anamuuliza vipimo vya mgonjwa wa jana. Utafiti mmoja wa Australia wa 1997 uliwapima watu, ukikesha saa 17 mfululizo utendaji wako unashuka sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, ukifika saa 24 ni kama 0.10.

ZUWENA: Astaghfirullah! Yaani dokta hajaonja hata tone, pengine kafunga Alkhamis yake, na kichwa ni cha mlevi?

SULEIMAN: Na huyo ndo anokupigia hesabu ya dozi ya mtoto. Marekani waliamka baada ya msichana wa miaka 18, Libby Zion, kufariki hospitalini New York 1984, baba yake alikuwa mwandishi wa habari hakunyamaza, mpaka 2003 wakaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari wanaosomea ubingwa nchi nzima. Saa 80 nazo ni nyingi, lakini angalau kuna mahali pa kusema basi.

ZUWENA: Na huku kwetu uzito uko wapi hasa?

SULEIMAN: Huku zamu haina mlango wa kutokea. Ukiwa mji mkubwa ukitoka hospitali unapotea ndani ya watu, hapa Unguja umekaa barazani unataka kahawa yako tu, mtu anakuja na picha ya eksirei kaikunja, "dokta hebu tazama." Mazikoni unaulizwa presha. Na anaetoa nambari yako ya simu ni mama yako mzazi, kwa fahari, utamkatalia vipi? Pemba ndo zaidi, uko Wete au Mkoani, mgonjwa anataka bingwa wa Unguja na chombo hakipo saa ile, unabaki nae weye, na watu wake wote unawajua, kesho mtakutana sokoni.

ZUWENA: Basi si aende akazungumze na mtu wa ushauri nasaha?

SULEIMAN: Wapi, Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili? (kicheko) Daktari aonekane anaingia pale kama mgonjwa, kabla ya magharibi mtaa mzima unajua, na wenzake ndo wa mwanzo. Hao hao wanaowaambia wagonjwa maradhi ya akili si aibu. Mie nawakasirikia sana wakubwa wanaoleta semina ya kujifunza kupumua, ratiba ileile haijaguswa. Mtu akitoka onkoli aende kwao, hilo la kwanza na wala halitaki semina. Chumba cha zamu kiwe na kitanda na chandarua, kipatikane chakula saa nane za usiku, na kukabidhiana wagonjwa kufanywe kwa maandishi ili asiitwe tena akiwa njiani.

ZUWENA: Njiani penyewe hatari.

SULEIMAN: Kuna utafiti wa Marekani wa 2005, intani aliyetoka zamu ya zaidi ya saa 24 uwezekano wake wa kugonga gari ulikuwa zaidi ya mara mbili ya aliyetoka zamu fupi. Kwa hiyo alale hapohapo kwanza, au apande daladala.

ZUWENA: Na sie wa nyumbani? Maana akifika tu tunamwambia twende harusini.

SULEIMAN: Muacheni alale. Harusi ataiona kwenye video.

ZUWENA: Na akiwa bwana harusi ni yeye?

SULEIMAN: (kicheko) Hapo aombe kubadilishiwa zamu mapema!