Miaka Minane ya Kimya: Mhadhara Kuhusu James Earl Jones

Asanteni, tukae. Fundi mitambo ameniuliza kama aniongezee sauti ya maiki, nikamwomba aipunguze kidogo. Leo nataka mtege sikio, maana ninayekuja kumzungumzia alikuwa bubu wa hiari kwa miaka minane hivi, kisha dunia nzima ikamjua kwa sauti.

Mwigizaji James Earl Jones alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, jimbo la Mississippi, Marekani. Baba yake, Robert Earl Jones, aliondoka nyumbani mapema mno, mtoto hata hajamfahamu. Akalelewa na babu na bibi wazaa mama, na alipofika umri wa miaka mitano hivi ukoo ukahamia shambani Michigan, kaskazini kwenye baridi. Huko ndiko kigugumizi kilipomkaba koo. Mnajua mtoto anavyochekwa na wenzake akikwama kwenye herufi moja. Yeye akaona heri anyamaze. Nyumbani alitoa maneno mawili matatu kwa jamaa zake, na mengine kwa mifugo. Shuleni, kimya.

Sasa anaingia mwalimu wa sekondari, Donald Crouch, aliyefundisha Kiingereza na kupenda ushairi. Akagundua kwamba kijana huyu asiyesema anaandika mashairi. Siku moja kijana akaleta shairi la kulisifu balungi. Ndiyo, balungi, tunda hili hili. Lilikuwa limeletwa Michigan katikati ya kipupwe, na kwa mtoto wa shamba la theluji hiyo ilikuwa ajabu. Mwalimu akamwambia, kwa hila ya kialimu: shairi hili zuri mno, nina shaka kama ni lako. Kama ni lako, simama ulighani bila kutazama karatasi. Kijana akasimama. Akaghani mpaka mwisho, hakukwama hata mara moja.

Kisa hiki wengi hukisimulia kama muujiza. Mimi naona ufundi. Nyinyi mliokulia kwenye kwaya au kwenye kaswida mmeona wenyewe: mwenye kigugumizi akiimba, ulimi unanyooka. Mizani inambeba, anajua pumzi itakatika wapi. Na kigugumizi hakikupona siku ile. Alikaa nacho hadi uzeeni, akiyakwepa maneno yanayomkwamisha na kuyachagua yanayopita. Ule mwendo wake wa polepole, neno likitoka kama limepimwa kwenye mizani ya dukani, ni mwendo wa mtu anayetazama njia kabla hajakanyaga. Sisi tukauita mamlaka.

Nitapita haraka kidogo. Chuo Kikuu cha Michigan alikwenda kwa nia ya udaktari, akaishia kwenye maigizo. Akatumikia jeshi. Akaenda New York, akakutana tena na baba yake, ambaye alikuwa mwigizaji, na wawili hao wakapata riziki kwa kusafisha sakafu huku wakisubiri nafasi jukwaani. Mwaka 1968 akaigiza bondia mweusi katika The Great White Hope, akatwaa Tony, tuzo kubwa ya tamthilia Marekani, mwaka 1969. Filamu ya mchezo huo huo, ya 1970, ikamfanya mwanamume mweusi wa pili, baada ya Sidney Poitier, kuteuliwa kwa Oscar ya mwigizaji mkuu. Tony nyingine ilikuja 1987, kwa tamthilia ya Fences. Msimsahau huyu wa jukwaani. Watu humkumbuka kwa sauti hadi wanasahau kwamba alikuwa na mwili.

Lakini sawa, twende kwenye sauti. Mwaka 1977, Star Wars, filamu ya vita vya angani. Ndani ya lile joho jeusi la Darth Vader, yule adui mwenye barakoa, alikuwemo Mwingereza mrefu, David Prowse. Jones hakulivaa joho hilo. Aliingia studio kwa saa chache, akalipwa dola 7,000, na akaomba jina lake lisiandikwe. Kwa maoni yake alikuwa sehemu tu ya madoido ya kiufundi ya filamu. Filamu mbili za kwanza zilitoka bila jina lake. Ile pumzi ya kutisha ilirekodiwa na fundi sauti Ben Burtt kwa kifaa cha kupumulia cha wazamiaji. Sikilizeni mpangilio: pumzi kwanza, neno baadaye. Barakoa haina midomo ya kukutazamisha. Unangoja. Na katika kungoja ndipo unapoogopa.

Jambo jingine halisemwi sana. Kipindi cha watoto cha Sesame Street kilipokuwa kikianza, walimrekodi akisoma alfabeti. Herufi ilionekana kwenye skrini, yeye akitua kitambo kirefu kabla ya kuitamka. Watafiti wakaona watoto hawawezi kuvumilia ule utulivu, wanaiwahi herufi wao wenyewe! Kimya cha mwigizaji kilikuwa kinawafundisha kusoma.

Halafu 1994 akawa Mufasa, simba mfalme, katika filamu ya katuni The Lion King. Hapa mnijie taratibu, maana ni lugha yetu. Simba tunamjua. Rafiki tunamjua. Pumbaa ametoka kwenye kupumbaa, Sarabi ni mangazimbwe, yaani mazigazi, na fisi mmoja akapewa Shenzi, jina ambalo bibi yangu angelitamka kabla ya kurusha kandambili. (Cheka tu, dada.) Mfalme wa nyika yenye majina ya Kiswahili alisema kwa koo la mtoto wa Mississippi. Filamu iliporudiwa mwaka 2019, wenzake wa mwanzo wote walibadilishwa, yeye akabaki. Nani angeweza kumrithi?

Swali hilo lilijibiwa, kwa namna ya kutia mashaka. Mwaka 2022, katika Obi-Wan Kenobi, mfululizo wa runinga wa Star Wars, sauti ya Vader ilitengenezwa kwa kompyuta na kampuni ya Respeecher ya Ukraine kutokana na kanda zake za zamani. Aliridhia. Mafundi waliendelea na kazi hiyo wakati nchi yao inavamiwa. Mimi nashukuru kwamba aliulizwa. Wengi wenu, mkiuza sauti zenu kwa tangazo la redio, hamtaulizwa, kwa hiyo someni mkataba kabla hamjatia sahihi.

Alifariki tarehe 9 Septemba 2024 nyumbani kwake, jimbo la New York, akiwa na miaka 93.

Haya, simu zizimwe. Simameni, mabega chini. Tutasoma alfabeti. Nikionyesha herufi, hesabuni moyoni hadi tatu ndipo mtamke. Atakayewahi anaanza upya. A.