Kuongeza Ndege ya Injini Mbili kwenye FlightGear

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunaiingiza Cessna 310 kwenye FlightGear, ile simuleta ya bure ya kurusha ndege kwenye kompyuta, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, halafu tunairusha papa hapa Nairobi, Uwanja wa Wilson. Ndege hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1953, na kwa aliyezoea ya injini moja ni ngazi nzuri ya kupandia.

Tengeneza folda yako, tuiite NdegeZangu. Iweke mbali na folda za FlightGear yenyewe, la sivyo siku ukiweka toleo jipya unaweza kupoteza ulichoongeza. Pakua zipu ya ndege, uifungulie humo.

Sasa tusimame hapa, maana wengi hukwamia hapa. Tazama jina la folda iliyotoka: c310-master. Hilo “-master” limebandikwa na tovuti tulikopakulia. Lifute, ibaki c310 tupu. Faili za ndani zinatafutana kwa anwani inayoanza na Aircraft/c310, kwa hiyo jina likizidi hata herufi moja, ndege inaweza kufunguka bila umbo wala vipimo. Ingia ndani uhakikishe unaiona faili inayoishia kwa -set.xml. Ukikuta folda nyingine badala yake, itoe hiyo ya ndani ndiyo uitumie.

Washa FlightGear, ingia Add-ons, kwenye sehemu ya folda za ndege uongeze NdegeZangu. Usichague c310, chagua folda inayoibeba. Nenda Aircraft, tafuta 310, uichague. Kwenye Location andika HKNW, ndiyo alama ya Uwanja wa Wilson, kisha uchague njia ya kurukia namba 14. Bonyeza Fly. Mandhari hushuka kwa intaneti, kwa hivyo angalia bando lako.

Tumeingia. Usikimbilie kuruka, tujaribu injini moja moja. Bonyeza alama ya mshangao, !, kuchagua injini ya kushoto. Bonyeza } mpaka magneto zote, vile vifaa vinavyotoa cheche za kuwashia injini, ziwake, kisha shikilia s. Sikiliza, na utazame propela ya kushoto peke yake ikizunguka. Ya kulia unaichagua kwa @, unarudia vilevile. Zote zikishanguruma bonyeza ~ ili kibodi izishike pamoja.

Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa na petroli nyingi injini hukosa nguvu. Punguza petroli kidogo kwa M kubwa. M ndogo huongeza.

Achia breki, ongeza nguvu taratibu kwa PageUp, macho kwenye vipimo vya injini zote mbili. Ndege ikivuta upande mmoja na sindano zimeachana, rudisha nguvu, simama, bonyeza ~ tena kabla ya kujaribu upya.